Rauta ya Mteja na Mkono Ulio Mbali

Mhadhara kwa wakazi na mafundi wa Kata ya Bagamoyo, Tukuyu, wilayani Rungwe

Nimeombwa nizungumze juu ya intaneti, na watu wa kazi yangu tukiombwa hivyo hupenda kuanza na mikongo ya baharini: Seacom iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy iliyofuata mwaka 2010, kisha Mkongo wa Taifa uliopandishwa bara hadi mipakani. Hayo mmeshayasikia. Leo tubaki kwenye mita chache za mwisho, kwenye kile kisanduku kilicho juu ya kabati la vyombo, chenye taa za kijani na antena mbili. Sote tunakiita rauta. Anayekiendesha ni nani? Wengi wenu mngejibu, "Mimi, nimekinunua." Nina wasiwasi na jibu hilo, na wasiwasi huo ndio mhadhara wenyewe.

Kazi ya kuiseti kwa mkono mnaijua. Fundi anapanda bodaboda na kompyuta mgongoni, anachomeka waya, anaingiza jina la mteja na nenosiri la kuingilia kwenye mtandao wa kampuni, anachagua chaneli, anaandika jina la Wi-Fi, ambalo mara nyingi ni jina la mtoto wa kwanza, anafunga milango isiyotakiwa, anaangalia toleo la programu inayoendesha kifaa, halafu anafungua ukurasa mmoja wa habari na kusema, "Tayari, mzee." Kwa aliyezoea ni robo saa. Hapa Bagamoyo, au Bulyaga, au Makandana, robo saa hiyo haimsumbui mtu. Ukitoka kwa huyu unatembea kwa miguu hadi kwa mwingine. Shida ni Mwakaleli. Shida ni Lwangwa kule Busokelo mwezi wa Aprili, maana sehemu kubwa ya milima hii hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na zikishika kasi, dereva wa pikipiki anakutajia bei ambayo ni njia ya adabu ya kukwambia haendi. Fundi anafika jioni na kukuta kwamba mtoto aliingiza njiti ya kiberiti kwenye kitundu cha nyuma, na kifaa kimerudi kilivyotoka kiwandani. Kazi ya robo saa imekula siku nzima.

Tupige hesabu ya mfano tu. Kampuni yenye wateja 500, kila mteja akiita fundi mara moja kwa miezi miwili, ina safari 250 kwa mwezi, zaidi ya nane kila siku, Jumapili zikiwemo. Nauli hiyo inalipwa na nani? Inalipwa na mteja, iwe imeandikwa kwenye risiti au haikuandikwa. Ndiyo maana mtu wa Kyela au wa kijijini Rungwe husikia kwamba intaneti imefika, kisha akiuliza bei anaambiwa ya mjini pamoja na "gharama za ufundi".

Kampuni kubwa za dunia zilipambana na tatizo hili zamani. Mwaka 2004 umoja wa kampuni za mawasiliano uliojulikana kama DSL Forum, ambao leo unaitwa Broadband Forum, ulichapisha utaratibu wenye jina kavu kabisa: TR-069. Jina halivutii, lakini utaratibu huo unafanya kazi ndani ya mamilioni ya nyumba. Mrithi wake, TR-369, alitoka mwaka 2018, ila huku kwetu bado mtakutana zaidi na huyu mkubwa.

Unafanyaje kazi? Rauta inapowaka na kupata njia ya kutoka, inaitafuta seva ya kampuni na kujitambulisha: mimi ni wa kiwanda fulani, namba yangu ni hii, toleo la programu yangu ni hili, na nimekupigia kwa sababu hii. Sababu zenyewe zina namba. Sifuri maana yake ndiyo mara ya kwanza tunazungumza, au nimefutwa nikarudi upya. Moja, nilizimwa nikawashwa. Mbili, saa yangu ya kuripoti imefika. Nne, kuna kitu kimebadilika ndani yangu. Seva ikisikia sifuri kutoka kwenye namba ambayo kumbukumbu zake zinasema ni ya duka fulani pale stendi, inaipelekea mipangilio yote ya duka lile: jina la Wi-Fi, nenosiri, chaneli, kasi aliyoilipia. Yule mtoto wa Lwangwa na njiti yake anakuwa amesamehewa kabla mama yake hajagundua kosa. Sharti ni moja: kifaa kiwe kimeagizwa na anwani ya seva ikiwa ndani tangu kiwandani, au laini yenyewe iwe inakitambua bila kukiuliza jina. Kwenye faiba hilo ni jepesi, kwa sababu mtambo wa kampuni humtambua mteja kwa namba ya kifaa chake. Kwenye laini zinazodai jina na nenosiri, kifaa kilichofutwa hakina hata namna ya kubisha hodi, na fundi atapanda bodaboda vilevile.

Mmeona nani anampigia nani? Rauta ndiyo inayoanza. Jambo hilo lina maana kubwa kwetu, kwa sababu anwani za intaneti za zamani zimeadimika na wateja wengi wanawekwa nyuma ya anwani moja ya pamoja. Ukiwa nje huwezi kuwapigia moja kwa moja. Kifaa kinachojua kupiga chenyewe, hata kama ni mara moja kwa saa, kinaondoa kikwazo hicho.

Kampuni ndogo za mikoani mara nyingi hazitumii TR-069. Zinatumia MikroTik, vifaa vya kampuni ya Riga, Latvia, iliyoanzishwa mwaka 1996. Vimependwa Afrika Mashariki kwa sababu ni bei nafuu na vinakubali kuandikiwa skripti. Vijana wanaouza Wi-Fi ya vocha wanavijua kuliko wanavyojua shairi lolote walilokaririshwa shuleni. Kijana mmoja mwenye seva ndogo na skripti nzuri anaweza kuhudumia vifaa mia kadhaa. Anayetaka TR-069 bila kulipia leseni ya programu naye ana GenieACS, ambayo ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Kwa hiyo asije mtu hapa akasema mambo haya ni ya Ulaya.

Mazingira ya kwetu yana mitihani yake, na hapo ndipo skripti za kunakili kutoka nje zinapoumbuka. Chukueni umeme. Ukikatika mji mzima wa Tukuyu na kurudi saa mbili usiku, rauta zote zinaamka dakika ileile na zote zinaikimbilia seva moja. Walioandika TR-069 waliliona hilo: kifaa kikikosa jibu kinatakiwa kusubiri sekunde chache za kubahatisha, kikikosa tena kinasubiri karibu mara mbili ya hizo, na kuendelea hivyo, ili vifaa visigongane mlangoni. Skripti ya kujitungia isiyo na subira hiyo inaiua seva usiku huohuo watu wanapotaka kuangalia mpira.

Umeme huohuo ni hatari zaidi wakati wa kubadilisha programu ya kifaa. Vifaa vizuri vina nafasi mbili za kumbukumbu: programu mpya inaandikwa kwenye moja, ya zamani inabaki kwenye nyingine, na mambo yakiharibika kifaa kinarudi kwenye ile ya zamani. Vifaa vingi vya bei rahisi vina nafasi moja tu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, hapo hamna rauta tena. Mimi msimamo wangu ni mkali kidogo: kampuni inayofanya kazi wilaya yenye radi na umeme wa kuyumba kama hii haina sababu ya kununua kifaa cha nafasi moja ili iokoe shilingi elfu chache. Na kwa mteja anayetumia laini ya simu badala ya faiba, kupakua programu mpya kunakula bando lake. Aulizwe kwanza, au kampuni ibebe gharama.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulifikiria, nalo ni migomba. Mteja anafungiwa antena mwezi wa kiangazi, inaona mnara vizuri. Mgomba wa jirani unakua, majani yanalowa, na majani yaliyolowa hunyonya mawimbi ya masafa ya gigahezi 5 vibaya sana. Mteja analalamika kwamba intaneti "imechoka". Fundi anafika siku ya jua na kukuta kila kitu kizuri, anaondoka akimwona mzee wa watu mkorofi. Mashine inayoandika nguvu ya mawimbi kila saa haina ubishi huo. Inaonyesha mstari unaoshuka wiki baada ya wiki, unaozama zaidi kila mvua inaponyesha. Unampigia mteja kabla hajakupigia, na safari ya fundi inakuwa moja, ya kuhamisha antena. Kwangu mimi faida kubwa ya mitambo hii iko hapo, katika kujua. Kuseti ni sehemu ndogo.

Lakini mashine inajua kile tu kilichoandikwa. Wakulima wadogo wa chai hapa wanaelewa haraka kuliko wahitimu wengi wa kompyuta: majani yakipimwa kituoni na kuandikwa kwa namba ya mkulima mwingine, hata mzani uwe wa kisasa namna gani, fedha zitakwenda kwa asiyevuna. Kampuni nyingi zinanunua mtambo wa kuseti rauta huku orodha ya wateja iko kwenye daftari la mhasibu, namba za vifaa ziko kwenye simu ya fundi, na fundi ameshahamia Songwe. Mtambo ukiwekwa juu ya kumbukumbu za namna hiyo utafanya kwa kasi makosa yaliyokuwa yanafanywa polepole. Kifaa cha zahanati kitapewa mipangilio ya baa. Anayetaka kuanza aanze na daftari: mteja yupi, kifaa kipi, kiko wapi, kilibadilishwa lini na nani. Miezi mitatu ya kazi hiyo ya kuchosha ina thamani kuliko programu yoyote atakayouziwa.

Sasa nifike kwenye mkono ulio mbali.

Njia rahisi ya kuseti vifaa mia tano ni kuandika faili moja na kulimwaga kwenye vyote, nenosiri la msimamizi likiwa moja. Mwaka 2018 dunia iliona matunda ya tabia za namna hiyo. Ufa ulipatikana kwenye MikroTik, katika mlango ambao wasimamizi huutumia kuingilia kutoka mbali. Kampuni ilitoa dawa mwezi Aprili mwaka huohuo. Miezi michache baadaye zaidi ya rauta 200,000 duniani zilikuwa zimeingiliwa na kufanywa zipandikize kwenye kurasa za watumiaji msimbo wa kuchimba sarafu za kidijitali. Dawa ilikuwepo; ilichokosa ni mtu wa kuipeleka kifaa kwa kifaa, na mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa dunia nzima.

Kisa cha Ujerumani kinafundisha zaidi, na mkia wake unaishia Afrika. Jumapili ya tarehe 27 Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walianza kupoteza intaneti. Kuna mtu alikuwa anatafuta rauta za kuteka, akipitia mlango namba 7547, mlango ambao TR-069 huutumia seva inapotaka kukiamsha kifaa. Rauta za Wajerumani hazikutekwa. Zililemewa na maombi yaliyomiminika, zikazimia. Tiba ilipita kwenye mfumo uleule wa usimamizi wa mbali: kampuni iliandaa programu mpya na kuwaambia wateja wachomoe kifaa kwenye umeme, wasubiri kidogo, wachomeke tena ili kiipokee. Fikirini kuwatembelea wateja 900,000 kwa miguu. Kosa lilikuwa kuuacha mlango wa usimamizi usikilize kila mpita njia, badala ya kuisikiliza seva ya kampuni peke yake.

Aliyekuwa nyuma yake alikuwa Mwingereza, Daniel Kaye, aliyekamatwa mwaka 2017 kwenye uwanja wa ndege wa Luton. Mahakamani Cologne alieleza kwamba hakuwa na shida na Wajerumani. Alikuwa anakusanya jeshi la vifaa kwa ajili ya kuishambulia kampuni ya simu ya Liberia, Lonestar, kwa malipo kutoka upande wa mshindani wake. Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga miezi 32 kwa mashambulizi hayo ya Liberia. Nawaeleza kisa hiki kwa sababu huwa nasikia watu wakisema, "Nani ana haja na rauta ya mkulima wa Rungwe?" Rauta yako inaweza kutekwa ili ikampige mtu mwingine usiyemjua, katika ugomvi usiokuhusu, na wewe utakachoona ni kwamba intaneti imekuwa nzito.

Halafu kuna lile la tarehe 24 Februari 2022, siku majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine. Wavamizi waliingia kwenye sehemu ya usimamizi ya mtandao wa setilaiti wa KA-SAT, uliokuwa wa kampuni ya Viasat, kisha wakatuma amri kwa modemu za wateja zilizofuta kumbukumbu zao. Amri zilipita njia halali, njia ya mwenye nyumba. Nchini Ujerumani mitambo 5,800 ya umeme wa upepo haikuweza kusimamiwa kutoka mbali, na Viasat ilisafirisha karibu modemu 30,000 mpya kwa wasambazaji wake. Anayeingia kwenye seva ya usimamizi ameingia nyumba zote kwa mara moja, na hilo halitegemei ukubwa wa kampuni. Kwa kampuni ya Tukuyu yenye wateja 500, seva hiyo inaweza kuwa kompyuta ya mezani iliyo karibu na mashine ya kutolea fotokopi, nenosiri likiwa limeandikwa ukutani.

Kwa hiyo msinielewe kwamba napinga. Nauli ya fundi inaua biashara na inamwacha mtu wa kijijini gizani. Mitambo hii lazima ije. Ninachodai ni namna yake. Kila kifaa kiwe na nenosiri lake la usimamizi, lililotungwa na mashine, lisilofanana na la jirani. Mlango wa usimamizi ufungwe kwa wote isipokuwa seva ya kampuni, na mazungumzo yao yafungwe kwa usimbaji. Badiliko lolote lianzie kwa vifaa vichache vya wafanyakazi wenyewe, kisha kijiji kimoja, likae siku kadhaa, ndipo liende kwa wengine. Kifaa kikishindwa kuipata seva, kiendelee na mipangilio yake ya mwisho bila kujizima. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika pamoja na nchi yetu kubaki na intaneti ya kudonoadonoa, kampuni iliyokuwa imeweka seva yake ya usimamizi Ulaya ilikuwa katika hatari ya kukosa hata njia ya kuzungumza na rauta iliyo mtaa wa pili. Seva ya kusimamia wateja wa Rungwe ikae Tanzania. Gharama ni kubwa kidogo, najua.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Seva ya usimamizi inaweza kusoma orodha ya vifaa vilivyoungwa kwenye Wi-Fi yako, pamoja na majina yake: simu ya baba, simu ya mgeni aliyelala jana, runinga. Inaweza kubadilisha nenosiri lako, na inaweza kuelekeza maombi yako ya kurasa kwenye njia nyingine. Fundi wa usiku hana haja ya kujua mgeni wako ni nani ili arekebishe chaneli. Taarifa zisizohitajika kwa kazi zisikusanywe, na kila anayeingia kwenye kifaa cha mteja aache alama ya jina na saa.

Mafundi wenzangu, najua swali lenu, mnalinong'ona tangu nianze. Je, tutakosa kazi? Safari za kuseti zitapungua, sitawadanganya. Kupanda mnara, kuvuta waya, kufunga kinga ya radi na waya wa ardhini, kuhamisha antena mbele ya mgomba, hizo hakuna seva itakayozifanya. Inayoongezeka ni kazi ya kuandika skripti na kusoma takwimu, na kijana aliyemaliza VETA anaweza kuifanya hapahapa Tukuyu bila kuhamia Mbeya. Mwenye kampuni anayenunua mtambo na kuwafukuza mafundi siku hiyohiyo atawatafuta tena mvua ya kwanza ya radi.

Nimalizie kwa maombi. Leo ukifika nyumbani geuza rauta yako, soma ile stika ya chini. Kama nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ni lile la kawaida linalofanana na la kila mtu, mwombe fundi wako alibadilishe, na usimpe jirani hata akikuomba kwa upole. Kisha piga simu kwa kampuni inayokuuzia intaneti na uwaulize mambo matatu: kifaa changu mnakisimamia kutoka mbali? Nani ana ruhusa ya kuingia? Mnasoma nini humo ndani? Nanyi wenye kampuni mliokaa mstari wa mbele, majibu ya maswali hayo yawekeni kwenye mkataba wa mteja, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila kuazima miwani.